Siku Niliyoanika Vitabu Kama Samaki

Ndugu zangu, kabla sijamshukuru mtu yeyote, wacha niseme la aibu kwanza mnicheke mapema, halafu tuendelee vizuri. Mimi ndiye niliyevinyunyizia vitabu chumvi. Mliosikia habari ile sokoni mkadhani ni uzushi, si uzushi. Na mliokuwa na mbuzi wakati ule, mbuzi wenu wakarudi jioni wameshiba bila kupitia kichakani, sasa mnajua walikula wapi.

Nawaona kina mama wa benchi la nyuma mmeshaanza. Chekeni tu. Katibu wa kikundi chetu aliponiomba nisimame leo nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka, nilimwambia kuanguka nakujua vizuri, kuinuka ndiko bado najifunza. Akasema nije hivyo hivyo. Majina sitataja. Waliomo watajijua, na wakikunja uso tutawajua na sisi.

Nianzie Longech, kule ufukweni mwa ziwa.

Mimi nimezaliwa kwa watu wa samaki. Hata leo, hapa Lodwar, nikiamka kabla jua halijakuwa kali, kuna dakika moja hivi ambayo sikumbuki niko wapi, na katika dakika hiyo mimi niko Longech. Nasikia upepo unachapa majani ya mkoma kwenye kibanda chetu. Nasikia watu wa mitumbwi wakibishana majini, maana sauti ilikuwa inafika nchi kavu kabla yao. Na namsikia mama yangu, amechuchumaa mchangani na kisu chake, anapasua samaki mgongoni, anamfungua kama mlango, chumvi, anamlaza. Hakuwa mtu wa maneno. Neno lake lilikuwa moja tu, na alilipiga kelele mchana kutwa: "Geuza!" Tulikuwa tunacheza, "Geuza!" Tunakula, "Geuza!" Halafu anapita nyuma yetu, anabonyeza kila samaki kwa kidole gumba hapo karibu na mfupa. Akibonyeza akanyamaza, yuko sawa. Akitingisha kichwa, unaanza upya.

Nilipelekwa sekondari, nikamaliza kidato cha nne, nikarudi Longech siku ile ile ya kufunga shule, wenzangu wakiwa bado wanaandikiana anwani. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mimi kitanda cha mtu mwingine hakinipi usingizi. Wengine walikuwa na ndoto ya Nairobi. Mimi ndoto yangu ilikuwa ule mchanga, na niliupata, nikaolewa juu yake, nikaanika samaki juu yake. Lori lilikuwa linakuja lenyewe kuwachukua. Sikuwa na sababu ya kwenda popote, na sikwenda.

Halafu ziwa likapanda. Wa upande ule mnajua. Halikuja kwa fujo. Lilikuwa kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kidogo kila siku, mpaka unashtuka yuko katikati ya nyumba na wewe uko nje. Mahali mama yangu alipochuchumaa, leo mitumbwi inapita juu. Mume wangu akawafuata samaki mpaka Lowarengak, na bado anawafuata. Simu yake inapata mtandao akiishiwa sukari. Msicheke sana, wengine hapa, waume wenu hawapigi hata kwa sukari.

Nikaja Lodwar na beseni langu kubwa, kisu cha mama, na gunia la chumvi lililofika nusu. Nikajaribu kuuza samaki mlangoni, lakini samaki aliyepita mikono mingi anafika kwangu amechoka, na mimi nimechoka, mteja akituangalia wote wawili anaenda zake. Nikaacha. Beseni nikalisukuma chini ya kitanda.

Kisha nikakaa. Kuna watu wakipata shida wanalia, wengine wanaomba, wengine wanagombana na majirani. Mimi nakaa. Niliukalia ule mlango wangu mpaka kizingiti kikawa na umbo langu. Hata hapa kwenye kikundi mlinitumia mtu, nikamwambia naumwa mguu. Mguu ulikuwa mzima. Kilichouma sikukijua jina. Nilikuwa napita sokoni na harufu ya samaki ikinifikia nageuza njia, kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Aliyenitoa ni jirani yangu, yule anayeuza makaa hapo kwenye kona. Alisimama mlangoni, amejishika kiuno.

"Wewe, uko hai?"

"Niko."

"Basi toka. Kule laibrari ya kanisa wanatafuta mtu ya kufagia. Nimewaambia uko na mikono."

"Mimi na vitabu wapi na wapi?"

"Nimesema kufagia. Nani amekuambia usome?"

Ndivyo nilivyoingia kwenye maktaba, kwa ufagio. Chumba kimoja cha mabati, rafu za mbao, vumbi ambalo ukilifagia asubuhi linakungoja mchana. Aliyekuwa anakiendesha ni binti mmoja mpole, aliyesomea kazi hiyo. Nilimpenda. Siku moja akapata kazi Eldoret, akanivisha ufunguo shingoni ukiwa na kamba yake. "Mama, shikilia tu mpaka wapate mtu." Mtu hakupatikana. Nikawa nafungua, nafagia, nawaangalia watoto wa shule wakisoma, nafunga. Ukiniuliza kitabu fulani kiko wapi nakuonyesha chumba chote kwa mkono.

Kisha mvua. Mnaijua mvua ya Lodwar. Haiji, haiji, halafu inakuja yote. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta mabati yamevuja kwenye kila tundu la msumari, na vitabu vimekunywa maji mpaka vimevimba. Nilisimama pale na ufunguo wangu. Hakuna wa kuuliza. Kichwa changu cha kidato cha nne kilinyamaza kabisa. Mikono ya Longech ndiyo iliyoamka.

Nikatandaza turubai nje juani. Nikavibeba vyote, nikavifungua katikati kimoja kimoja, nikavilaza, mgongo chini tumbo juu. Nikaenda nyumbani nikaleta lile gunia. Nikavinyunyizia chumvi, kwa ule mkono wa mama, wa kurusha bila kuangalia. Nilipomaliza nikarudi nyuma kuviangalia vimejipanga mistari, na, ndugu zangu, sijui niseme vipi, kwa mara ya kwanza tangu ziwa lipande nilikuwa nyumbani. Hata nililisikia lile "Geuza!" Machozi yakanitoka. Nikaona nastahili chai. Nyumba yangu haiko mbali, na mimi chai ya ugenini sinywi.

Niliporudi, mbuzi wa Lodwar nzima walikuwa wanasoma.

Karatasi mbuzi wetu wanakula hata bila mboga. Mimi nilikuwa nimewawekea na chumvi! Walinitazama kama mpishi mwema amerudi kuuliza kama chakula kimetosha. Kamusi kubwa ilibaki kuanzia herufi M. Hata sasa mtu akiniuliza neno linaloanza na B, namwambia atafute mbuzi.

Leo nacheka. Siku ile sikucheka. Mwenyekiti wa kamati ya maktaba, mwalimu mstaafu, mzee mtaratibu, alikuja akaokota karatasi moja, akaigusa kwa ulimi.

"Mama, uliweka nini?"

"Chumvi, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Visioze."

Akaikunja ile karatasi taratibu, akaitia mfukoni. Afadhali angenigombeza. Halafu akanieleza ilivyo: chumba kile kilikuwa kinatamaniwa kiwe stoo ya unga, na mkutano ujao kamati itaamua. Ama apatikane mtu wa kukiendesha, ama vitabu vilivyobaki vifungwe kwenye maboksi na watoto watafute pengine pa kusomea. Nikavua ule ufunguo shingoni nikamnyooshea. Nilijua ninakorudi. Kizingiti changu kilikuwa kinaningoja, na safari hii nisingetoka tena.

Hakuupokea. "Gari la kanisa linapeleka viti Kakuma," alisema. "Kule kwenye kambi ya wakimbizi kuna watu wanaendesha maktaba, na hawakuzaliwa nayo. Nenda nalo. Kaa, angalia. Ukirudi na bado unataka kunipa huo ufunguo, nitaupokea na hatutasemana."

Mimi, ambaye sijawahi kulala nje ya nyumba yangu tangu sekondari, nikapelekwa Kakuma pamoja na viti.

Maktaba ya kule niliikuta imejaa. Vijana wanasoma wamesimama. Kisomali huku, Kifaransa kule, na Kiswahili cha kila namna. Anayeiendesha ni mzee Mkongomani, wote wanamwita Papa. Alikuwa fundi wa magari kwao Uvira, mpaka vita vikamleta. Rafu zake amezikaza kwa nati na bolti, hata ukipanda juu hazilii. Anatembea kati yake akipiga kila moja kwa kidole, anasikiliza. Msaidizi wake ni mama kutoka Burundi, aliyekuwa akiuza unga wa muhogo sokoni Bujumbura, na huyo ndiye aliyenilaza kwake.

Siku ya kwanza Papa akaniuliza, "Na weye, mama, ulikuwaka unafanya kazi gani mbele?"

"Nilikuwa nyumbani tu."

Ndivyo nilivyosema. Maisha yangu yote, mchanga ule wote, mama yangu na kisu chake, nikavikunja kwenye neno "tu". Nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kushika kitabu mbele yao, kama vile harufu ya samaki ingesimama na kujitambulisha. Nilidhani mtu akiingia kazi ya vitabu lazima aje msafi, aliyekuwa zamani amwache nje na viatu.

Ila kulikuwa na kitu kinanisumbua. Juu ya rafu ya kwanza, mahali ambapo watu huweka picha ya harusi, Papa alikuwa ameweka kitabu kimoja kichafu, kimekakamaa kama tofali. Nikamuuliza ni kitabu gani hicho muhimu hivyo. Akakishusha.

"Jaribu kufungua."

Nikavuta. Hakikufunguka.

"Hii ni kitabu yangu ya kwanza kutengeneza hapa," akasema. "Ilikuwa imepasuka. Mimi najua kubandika kitu gani? Tairi! Nikabandika na solusheni ya tairi. Nikabandika muzuri sana. Haijafunguka mpaka leo. Upepo hautoki, maji haiingii."

Nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka mpaka nikashika rafu. Katikati ya kicheko kikageuka, nikawa nalia, na nikiwa nalia nikamwambia yote. Chumvi. Turubai. Mbuzi. Kamusi. Nikamaliza nikangoja anitoe nje.

Papa alikuwa amefumbua macho kama mtoto. "Makayabu!" akapiga kelele, na vijana wote wakainua vichwa. "Mama ametengeneza makayabu ya vitabu!"

Sikulijua neno hilo. Akanieleza ndivyo wanavyomwita kwao samaki wa chumvi. Akasema mama yake alikuwa anampika siku ya Jumapili, anamloweka tangu jana yake, na nyumba nzima inajua kesho ni siku ya Mungu kwa sababu ya ile harufu. Kicheko kikamwisha polepole. Tukakaa wawili, yeye na sufuria ya mama yake, mimi na mchanga wa mama yangu. Sijui kama nimewahi kukaa na mtu ugenini nikajisikia vile.

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Mama yako alikuwa anajuaje samaki imekauka?"

"Alikuwa anambonyeza mgongoni."

Akaenda nyuma akarudi na kitabu kilichomwagikiwa maji siku chache nyuma. Kwa macho kilikuwa kikavu. "Bonyeza."

Nikakibonyeza pale kurasa zinaposhikana. Kidole changu kikajua kabla yangu. "Bado," nikasema. "Ndani kuna maji. Kitaanza kunuka."

"Ungefanyaje?"

"Kivulini, penye upepo. Na kugeuza, kugeuza. Jua kali linakausha nje tu."

"Na chumvi?"

Nikaona aibu. "Chumvi hapana."

"Ni chumvi tu ndiyo utaacha," Papa akasema. "Ile ingine yote, kuya nayo. Nani amekuambia uingie huku na mikono ya mutu mwingine?"

Kama mtaniuliza niliinuka saa ngapi, niliinuka pale. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, lakini niliinuka.

Kesho yake yule mama wa Burundi akanichukua kutembea naye. Akajaza vitabu kwenye beseni, akajitwika, tukaingia mitaani. Mimi nikabaki nyuma nikishangaa. Alikuwa anajua huyu anasomea cherehani, yule ana mtoto anayependa picha za wanyama, yule pale alimaliza kile cha kwanza na anataka kinachofuata. Hakuuliza mtu jina la kitabu. Nikamwuliza nani alimfundisha.

"Sokoni Bujumbura sikungoja mtu anifuate na njaa yake," alisema. "Hawa nao, kwa nini ningoje?"

Na mimi, mtu wa mlangoni, nikafikiria lile beseni langu chini ya kitanda, nikasikia kama ninalionea huruma.

Niliporudi Lodwar mwenyekiti alikuwa amesimama nje ya maktaba. Akanyoosha mkono. "Umeniletea?"

"Hapana, mwalimu. Nimekuja kuuliza nani ataziba hayo mabati."

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka. Kamati ilibishana, na mwisho tukapewa nusu ya chumba. Nusu nyingine ni unga, mpaka leo. Unga na vitabu wanaishi pamoja, na panya bado hawajaamua wanapenda nini. Vile vitabu vilivyowaponyoka mbuzi nilivipangusa chumvi, nikavikausha kivulini siku nyingi, nikavigeuza, na vingi vinasomeka. Ukilamba ukurasa kidogo bado utasikia, lakini tafadhali msilambe.

Beseni nililitoa. Siku ya kwanza nilijitwika vitabu nikapita mitaa miwili. Mtu mmoja akauliza samaki wangu leo ni mbuta au ngege. Hakuna aliyechukua chochote. Nikarudi nyumbani nikanywa chai, nikaapa ndiyo mwisho. Kesho yake nikatoka tena, kwa sababu Papa alikuwa ameniharibu. Siku ile kijana wa bodaboda alichukua kitabu cha ufugaji wa kuku, akakirudisha amekifunga kwenye mfuko safi. Na bibi mmoja, asiyejua kusoma, alinishika mkono akasema anataka kitabu chenye ziwa. Nikamtafutia kimoja cha shule, chenye picha. Kumbe naye ni wa Longech. Tulikaa chini kwenye kivuli cha ukuta wake, tukafungua ule ukurasa. Alikuwa anapapasa ile picha kwa kidole gumba. Najua alichokuwa anabonyeza.

Kwa hiyo wacha nishukuru. Namshukuru binti aliyenivisha ufunguo bila kuniuliza kama naujua. Namshukuru mwalimu aliyekataa kuupokea, na mzee wa Uvira aliyeweka kosa lake juu ya rafu ambapo kila mtu analiona, maana angelificha, mimi ningekuwa bado nanawa mikono. Namshukuru mama wa Bujumbura, na nyinyi mlionitumia mtu, nikamdanganya kuhusu mguu, na bado mkaniwekea nafasi yangu kwenye benchi hili. Kaburi la mama yangu liko chini ya maji pamoja na mchanga wake, lakini kila asubuhi nikifungua kile chumba na upepo ukiingia, nasikia neno lake, na nageuza.

Na kama kuna mmoja hapa ambaye kazi yake imekwisha, ziwa limepanda kwake kwa namna yake, na anaogopa kuingia nyingine kwa sababu bado ananukia ile ya zamani, namwambia: ingia hivyo hivyo. Utakosea, na watu watacheka. Tafuta tu ni kipi cha kuacha, kwangu kilikuwa chumvi, na hivyo vingine njoo navyo.

Nilidhani nimejifunza jambo kubwa sana. Juzi nimejitwika beseni langu, nimevaa gauni langu la kazini, nikapita pale kwenye kona, nikamwambia jirani yangu wa makaa kwa majivuno kidogo kwamba mimi sasa ni mkutubi, nimebadilisha kazi kabisa. Hakuinuka hata. Alinitazama beseni, akanitazama uso, akasema:

"Kubadilisha gani? Wewe bado unauza samaki. Ni vile tu hii ya sasa, watu wanakula halafu wanakurudishia."